UCHAMBUZI: Hesabu ya mbung'o yahitaji wanahisabati Tabora

Katika karne ya 19, misafara iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji ilisafirisha pembe za ndovu na vitambaa mabegani mwa wapagazi. Sababu mojawapo ilikuwa mbung'o, kwani wanyama wa mizigo walikufa kwa nagana katika misitu ya miombo. Mdudu huyo bado yupo, na kwa wafugaji na warina asali wa Urambo na Kaliua ni tishio pia la malale.

Mbung'o jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja tu takriban kila baada ya siku 9 hadi 10. Kwa uzazi wa polepole namna hiyo, kuongeza vifo vya majike kwa takriban asilimia 4 kila siku, bila kukatiza, kunatosha kuwamaliza. Kutokana na hesabu hiyo, halmashauri inaweza kukadiria idadi ya vitambaa vyenye dawa na muda wa kuvitundika.

Kujua idadi yao kulianza karibu na hapa. Katika miaka ya 1930, mtafiti C.H.N. Jackson, aliyefanya kazi Shinyanga, aliwatia mbung'o alama za rangi, akawaachia na kuwanasa tena. Tuseme wametiwa alama 200. Wakinaswa 100 baadaye na 10 kati yao wana alama, idadi yote ni kama 2,000.

Unguja ilifaulu kwa kuachia madume tasa waliozalishwa Tanga, na mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996. Lakini Unguja ni kisiwa. Tabora haina bahari ya kuzuia mbung'o wa Ugalla wasirejee, hivyo ni lazima uhamaji wao nao uingizwe katika hesabu.

Mafunzo ya likizo kwa wanafunzi wa hisabati yangefaa kufanyika hapa, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo chake. Ipo tahadhari moja: likizo ndefu ya vyuo huangukia kiangazi. Barabara hupitika, jambo jema, ila joto la mwisho wa kiangazi hupunguza mbung'o, na anayehesabu Oktoba pekee anaweza kudhani kazi imekwisha. Wanafunzi warudi Februari, hata kama magari yatakwama.