Mtetemo wa Mkononi



Ijumaa iliyopita alituzuru hapa Choma mzee wetu mmoja ambaye figo zake zimeshindwa, naye amehamia mjini ili awe karibu na mashine ya kusafisha damu. Baada ya swala aliniomba niguse mkono wake. Juu ya kifundo nilihisi mtetemo, kama wa paka aliyeshiba. "Huu ndio uhai wangu, mwanangu," akasema.

Kinachotetema huitwa fistula. Si ile ya uzazi. Daktari huunganisha ateri na vena chini ya ngozi, vena ipanuke na kustahimili sindano za mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Njia hii ilitangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966.

Lakini mshipa huo huweza kusinyaa ndani. Mtetemo hupungua, mkono huvimba, au damu huchelewa kukatika sindano itolewapo. Ukiziba kabisa, kuuokoa ni kazi ngumu zaidi.

Ukiwahiwa, ipo tiba isiyohitaji upasuaji mkubwa. Baada ya ganzi, mrija mwembamba hupitishwa katika ateri ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, daktari akiufuatilia kwa eksirei. Puto dogo hujazwa penye wembamba, likapanua njia, kisha hutolewa. Kwa kuingilia kifundoni, vena inayotegemewa kwa sindano haitobolewi. Hata hivyo si kila mkono unafaa, kwani ateri hiyo nayo huweza kuziba. Daktari hukagua kwanza kama ateri ya upande wa pili inatosha kulisha kiganja. Muhimbili, mafunzo ya ubingwa wa tiba ziongozwazo kwa picha yalianza mwaka 2019.

Basi, enyi watu wa nyumba, kila alfajiri baada ya swala mguseni mgonjwa wenu mkono. Msimfunge saa, bangili wala hirizi ya kubana. Asibebe ndoo, asiulalie, wala asipimwe presha mkono huo. Mtetemo ukipotea, msingoje zamu ya mashine. Kutoka kwetu safari ni ndefu. Ondokeni siku hiyo hiyo.

Na panapofungwa bendeji, udhu usimtie mgonjwa hofu: aoshe palipo wazi, apanguse juu ya bendeji.

Mwili ni amana. Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.