'On' si juu

Ingia kipindi cha Kiingereza katika shule ya msingi, iwe Mazingara, Mkata au Korogwe mjini huku kwetu Tanga, na huenda ukakuta ubaoni orodha ileile niliyoikariri mimi: 'in' ni ndani, 'on' ni juu, 'under' ni chini, 'at' ni kwenye. Watoto wanaimba, mwalimu anafuta ubao, kengele inalia. Sisi wazazi tunaamini kwamba hivi ni vineno vyepesi, na kwamba mtoto anayevikosea ama hasikilizi ama Kiswahili kimemjaa mdomoni.

Mimi nasema anayevikosea ndiye aliyesikiliza. Kaiamini orodha.

Mtazame nzi aliyetua darini, miguu juu, mgongo chini. Yuko chini ya dari, lakini Mwingereza atakwambia yuko 'on the ceiling'. Kalenda ukutani nayo ni 'on the wall', ingawa hakuna aliyeipandisha juu ya ukuta. Abiria anayepita Segera kaketi ndani ya basi, jasho linamtiririka, naye yuko 'on the bus'. Kisha njoo kwenye michungwa yetu ya Handeni: chungwa ni 'on the tree', ila ndege aliyetua mti uleule ni 'in the tree'. Mtoto aliyekaririshwa kwamba 'on' ni juu atamweka ndege juu ya mti, kama Kiswahili chake kinavyotaka, na kalamu nyekundu itamshukia. Mimi nilichapwa kwa kosa la aina hiyo, na hakuna aliyenieleza sababu.

Sababu ni kwamba 'on' haipimi urefu, inatafuta mguso. Nzi kagusa dari, kalenda imegusa ukuta, chungwa limeshikana na mti. Ndege yeye yumo tu, kazungukwa na matawi. (Basi lina ukaidi wake, hilo likaririwe, yaishe.) Kiswahili hakijali mguso: sufuria iko juu ya meza, na taa inayoning'inia nayo iko juu ya meza. Kiingereza kinavitenga, sufuria 'on', taa 'over'. Hapo ndipo penye somo, na hapo ndipo orodha inaporuka.

Pia kuna hili la vitenzi. Yuko shuleni, ameingia shuleni, ametoka shuleni: 'shuleni' haikubadilika hata herufi moja, kazi yote kimeibeba kitenzi. Mtoto akiandika 'He came out school' tunasema mvivu. Kumbe kaamini kitenzi kimeshasema kila kitu, na kwa lugha yake kimesema.

Ndiyo maana sina subira na wanaotaka watoto wapigwe marufuku kusema Kiswahili ili Kiingereza kiingie. Mtoto wa Mazingara anayekua na Kizigua nyumbani anaishi kati ya majina kama Kwedizinga, Kwediboma na Kwamsisi, ambamo mahali pametangulizwa mwanzoni mwa jina lenyewe. Naye akisema kwa Kiswahili 'mle nyumbani mna nyoka', humwoni akiichanganya na 'pale nyumbani pana mgeni'. Nyoka yumo, mgeni yupo. Mwalimu anayeanzia kwenye 'mle' atafika kwenye 'in' mapema, na 'pale' itamsogeza karibu na 'at' kuliko hiyo 'kwenye' ya ubaoni. Kitakachobaki kigeni ni mguso, na chungwa moja na ukuta wa darasa vinatosha kuufundisha.

Simlaumu mwalimu peke yake. Naye aliimbishwa hivyohivyo, na mtihani wa kuchagua herufi humtuza aliyekariri.

Ila tusijidanganye kwamba ni makosa madogo. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia karibu shule zote za msingi za serikali, na sekondari masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Kidato cha kwanza, kipindi cha hisabati, swali linasema: 'Subtract 3 from 10.' Asiyeisikia ile 'from' atafuata mpangilio wa namba, aandike 3 kutoa 10, apate hasi 7. Kutoa anajua tangu darasa la kwanza. Mwalimu ataweka mkasi na kuandika pembeni kwamba hisabati zake ni dhaifu.