Neno la Mhariri: Waliomwona Kuku

Tulipoanza kukusanya makala za toleo hili kuhusu filamu fupi, za hali halisi na za majaribio za miaka ya sitini, nilitarajia ubishi juu ya orodha: nani ameingizwa na nani ameachwa. Ubishi uliozuka ulikuwa juu ya mtazamaji. Mmoja wa wachangiaji wetu, ambaye kazi yake naiheshimu na makala yake imo humu, aliniandikia kwamba filamu hizi si za mtu wa kawaida, na kwamba kuzipeleka Manzese au Kisauni ni kuwaonea watu na kuzionea filamu zenyewe. Mwingine akamuunga mkono kwa sababu tofauti. Zikionyeshwa, alisema, zionyeshwe jinsi zilivyo, na tafsiri ya Kiingereza ipite kwa maandishi chini ya picha. Kuzitolea sauti ya Kiswahili ni kuziharibu. Sikubaliani nao hata kidogo, na ninaomba ruhusa ya msomaji nitumie sehemu kubwa ya ukurasa huu kueleza kwa nini.

Dai kwamba mtu wetu hawezi kusoma picha inayokatwa haraka lina ukoo, na tawi moja la ukoo huo liko hapa nyumbani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu zaidi ya thelathini za kufundishia, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kuanzia 1939, William Sellers, mkuu wa Colonial Film Unit ya London, akaigeuza dhana kuwa kanuni: picha ikae muda mrefu, kamera itulie, kusiwe na hila, tendo lifuate tendo bila kuruka, kwa sababu mtazamaji wa makoloni atapotea. Kanuni hiyo iliandikwa, ikafundishwa, ikatengewa fedha. Vijana walioingia katika kazi ya filamu kwetu katika miaka ya hamsini walilelewa ndani yake.

Ushahidi uliopendwa kuliko wote ni kisa cha kuku. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, John Wilson wa Chuo Kikuu cha London alisimulia kwamba wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya afya ya kama dakika tano, iliyotengenezwa polepole makusudi, kuhusu kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba filamu yao ina kuku. Walirudi wakaikagua picha moja baada ya nyingine, na kweli wakamkuta: kwa muda wa kama sekunde moja, kuku alikatiza pembeni mwa fremu. Marshall McLuhan alikichukua kisa hiki katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha 1962, na tangu hapo kimezunguka vyuoni kama uthibitisho kwamba asiyesoma maandishi hajui kuona filamu.

Nakisoma kisa hichohicho na ninaona kinyume chake. Watu walikaa mbele ya filamu iliyowadharau, yenye mambo wanayoyajua tangu utotoni, na jicho lao likadaka kitu pekee chenye uhai ambacho hakikupangwa na mtu. Walikidaka kwa sekunde moja, mara ya kwanza, bila kurudisha mkanda nyuma. Waliotengeneza filamu, waliokuwa wameikata na kuiunga kwa mikono yao, hawakukiona mpaka walipokagua fremu kwa fremu. Kama kuna mtu aliyeshindwa kuona filamu katika kisa kile, si mwanakijiji. Nashangaa kwamba zaidi ya miaka sitini baadaye hoja ya Sellers inarudi kwetu ikiwa imevaa nguo za ustaarabu: wakati ule tuliambiwa filamu ya haraka itatuchanganya, leo tunaambiwa filamu ya majaribio ni nzito kwetu.

Twende kwenye filamu zenyewe. Now ya Santiago Álvarez, iliyotengenezwa Havana mwaka 1965, ina kama dakika sita. Vikwazo vya Marekani vilikuwa vimeikaba Kuba, kwa hiyo Álvarez alichukua alichokipata: vipande vya habari, picha zilizokatwa magazetini na wimbo wa Lena Horne. Kamera inatembea juu ya picha mnato, inamsogelea polisi, inashuka kwenye fimbo, inahamia kwenye uso wa mtu mweusi aliyeshikwa shingo. Muziki unapoongeza kasi, ukataji nao unaongeza kasi, na mwishoni neno la kichwa cha filamu linachorwa kwa matundu ya risasi. Hakuna msimulizi wala maelezo. Nani wa mtaani kwetu hataielewa? Kijana aliyelelewa na filamu za kung fu anasoma mkato wa nusu sekunde bila kufundishwa na mtu.

Au chukua Nyumba ni Nyeusi ya Forough Farrokhzad, mshairi wa Iran, iliyopigwa mwaka 1962 kwa siku kumi na mbili katika makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Bababaghi, karibu na Tabriz. Inazidi kidogo dakika ishirini. Mwanamke ambaye uso wake umeharibiwa na ugonjwa anajitazama kwenye kioo, na kamera inamsogelea taratibu bila haya na bila huruma ya kujionyesha. Darasani mwalimu anamwambia mtoto ataje vitu vibaya. Mtoto anataja mkono, mguu, kichwa. Mwingine anaitwa ubaoni atunge sentensi yenye neno nyumba. Anasimama, anafikiri, anakaa kimya muda mrefu, kisha anaandika kwamba nyumba ni nyeusi. Farrokhzad alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1967 akiwa na miaka 32, na hiyo ndiyo filamu aliyotuachia. Sijui shahada ipi inahitajika ili mtu amtazame mtoto yule ubaoni akaelewa.

Hoja ya pili, ya kwamba sauti ya Kiswahili itaziharibu, inahitaji jibu refu zaidi, maana inasemwa kwa nia njema. Inadhania kwamba filamu hizi zina sauti ya asili isiyoguswa. Nyingi hazina. Kamera nyepesi za milimita 16 zilikuwa zimeanza kushikamana na vinasa sauti vya kubebwa begani, lakini vifaa hivyo vilikuwa ghali, na wengi waliokuwa nje ya Paris, New York na Montreal walipiga picha kimya kwanza, sauti ikaja baadaye mezani. Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya 1963, ni mfano ambao wasomaji wote wa jarida hili wanaujua. Mwenye mkokoteni anazunguka Dakar, anambeba baba mwenye maiti ya mwanawe mchanga, anamgawia msifu fedha zake zote, anapanda Plateau na huko polisi anamnyang'anya chombo chake cha riziki na kukanyaga nishani yake. Mawazo yake tunayasikia kwa Kifaransa. Mwendesha mkokoteni wa Dakar mwaka 1963 hakuwaza kwa Kifaransa! Sauti tunayoambiwa tuilinde ilikwisha kuwa tafsiri siku ilipobandikwa, na Sembène mwenyewe hakuridhika nayo, ndiyo maana alipofika Mandabi mwaka 1968 alirudi kwenye Kiwolof. Kumfanya mwenye mkokoteni azungumze Kiswahili kwa watu wa Mbagala kunamsogeza karibu na wenzake kuliko maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya kwato za farasi.

Na sisi tunao mabingwa wa kazi hiyo. Zamani za magari ya sinema palikuwa na mtu mwenye kipaza sauti aliyeeleza picha kwa lugha ya watu waliokusanyika uwanjani. Utawala wa kikoloni ulimweka pale awe mdomo wake, lakini mtu mwenye kipaza sauti hawezi kudhibitiwa neno kwa neno kutoka London. Baadaye, kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, kazi hiyo ilizaa sanaa kamili: Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya wamewafundisha mamilioni kuzitazama filamu za India, Hong Kong na Marekani kwa sikio la Kiswahili. Wanaotafsiri kwa sauti huchagua, hukosoa, huongeza utani, huuliza swali ambalo filamu haikuuliza. Wasomi wetu wameandika kidogo mno juu yao, na walipoandika waliwaweka kwenye fungu la burudani. Mimi nawaweka kwenye fungu la wahakiki.

Sisemi kila filamu itatafsiriwa kwa mtindo wa filamu za mapigano. Farrokhzad anasoma kwa sauti yake mwenyewe mistari yenye mwangwi wa Agano la Kale na ushairi wake, na sauti ile lazima isikike. Mtafsiri afanye kama mkalimani wa mahubiri: amwache mwenye neno amalize, ndipo aseme. Kwenye Now autafsiri wimbo mara moja mwanzoni kisha anyamaze. Jaribio gumu kuliko yote ni Very Nice, Very Nice ya Arthur Lipsett wa Kanada, ya 1961, dakika saba zilizoundwa kwa mabaki ya sauti na picha, ambamo watu wanakatizana kabla hawajamaliza sentensi. Pale mtafsiri atalazimika kuamua nini aache kisisikike. Ningependa sana kumsikia akiamua.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Makala yetu kuhusu To Live with Herds ya David MacDougall, iliyopigwa mwaka 1968 miongoni mwa Wajie wa Karamoja, inaonyesha vizuri jinsi maandishi ya chini yalivyokuwa ukombozi. Kabla ya hapo mfugaji kwenye filamu za wazungu alisemewa na msimulizi. Kwa maandishi akaanza kusema mwenyewe, akalalamikia serikali, kodi na ukame kwa mantiki yake. Ninaikubali hoja hiyo yote. Nakumbusha tu kwamba waliokombolewa masikio yao pale walikuwa wasomaji wa Kiingereza.

Makala nyingine zitajisemea. Ile kuhusu Paulin Soumanou Vieyra inaeleza jinsi amri ya Ufaransa iitwayo ya Laval, ya 1934, ilivyowabana yeye na wenzake wasipige picha kwao hadi wakaipiga Afrique-sur-Seine Paris mwaka 1955, na inaifuata kamera yake hadi kwenye uwanja wa mieleka katika filamu yake Lamb, ya 1963. Uchambuzi wa Bon voyage, Sim ya Mustapha Alassane wa Niger, ya 1966, ambamo rais chura anatoka ziara ya kiserikali akakuta wananchi wameshamchoka, ni mfupi na unafurahisha. Ukurasa kuhusu Artavazd Peleshyan wa Armenia unatosha. Kuhusu Stevan Labudović, mpiga picha wa Yugoslavia aliyekaa na wapiganaji wa Algeria, tumepata kipande kimoja tu, na ni cha thamani.

Makala kuhusu Sara Gómez na Nicolás Guillén Landrián, Wakuba weusi wawili waliofanya kazi katika ICAIC, taasisi ileile ya filamu ya Kuba aliyofanyia Álvarez, nilitaka iwe ndefu mara mbili. Mwandishi anauliza kwa nini taasisi iliyompa Álvarez uhuru wote ule ilimfukuza Landrián baada ya Coffea Arábiga ya 1968. Swali hilo linamhusu kila anayeipenda Kuba ya muongo ule, mimi nikiwamo.

Kuhusu Africa Addio ya Jacopetti na Prosperi, ya 1966, na picha zake za angani za Zanzibar baada ya Mapinduzi: si filamu fupi, lakini hatukuweza kuiacha, maana picha zile zinatumiwa hadi leo na kila upande kwa kazi yake. Soma makala hiyo kabla hujazisambaza tena.

Ninapinga pia mazoea ya kuziita filamu hizi zisizojulikana. Habari za ICAIC zilitoka karibu matoleo 1,500 kati ya 1960 na 1990 na zilitazamwa katika majumba ya sinema ya nchi nzima. India, filamu za Films Division ya serikali zilitakiwa kisheria zionyeshwe kabla ya filamu kuu, na I Am 20 ya Sastry, ya 1967, ilizaliwa ndani ya utaratibu huo. Zilijulikana. Zilifichwa baadaye na mikataba, hakimiliki, lugha, maghala ya Ulaya na hofu ya serikali zilizozilipia.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Unayetafsiri filamu kibandani, popote ulipo kati ya Mwanza na Malindi, chukua moja ya filamu fupi zilizotajwa humu, itafsiri mbele ya watu wako, utuandikie walichosema; tutakichapisha kama uhakiki, kwa jina lako. Na kama kwenye stoo ya ofisi yenu, parokia au chama cha ushirika kuna makopo ya bati yenye mikanda ya milimita 16, usiyachome na usiyaanike juani. Yaweke mahali pakavu penye ubaridi na utuarifu mapema. Mkanda ulioanza kunuka siki umekwisha kuanza kuoza, na joto la pwani linauharakisha.