Grosari Haiuzi Unga

Mgeni akishuka kituoni kwetu akauliza grosari iko wapi anunue kilo ya unga, watoto humcheka. Grosari ya Dar es Salaam haina unga wala chumvi. Ina viti vya plastiki vyenye rangi za kampuni za bia, friji la mlango wa kioo, spika mbili zilizoelekezwa barabarani na dada mwenye opena inayoning'inia kiunoni. Kutoka kituo cha daladala hadi geti la shule ya msingi tumezihesabu kumi na moja. Jina la mtaa tunalihifadhi, maana moja ya hizo kumi na moja ni ya mkubwa wetu mmoja, na barua za utambulisho bado tunazihitaji.

Sisi wa mtaa huu kuna neno moja limetuchosha: malezi. Kijana akikutwa amezima mtaroni saa 4 asubuhi, malezi. Bodaboda akiparamia meza ya mama wa chapati, malezi. Kiongozi akija msibani akashikishwa kipaza sauti, kabla hata ya kumtaja marehemu vizuri, anageukia upande walikokaa akina mama na kuuliza watoto wanalelewa na nani siku hizi. Marehemu mwenyewe ana miaka 24, ini limemuisha, na akina mama wale ndio waliokuwa wanamwosha na kumlisha uji. Hatukatai kwamba tumelea vibaya, na hilo tutalisema kwa midomo yetu wenyewe mbele kidogo. Tunachokataa ni kuambiwa kwamba jambo lote linaanzia na kuishia jikoni kwetu, wakati pombe inayowamaliza vijana hatukuitengeneza sisi, bei yake hatukuipanga sisi, na leseni ya kuiuza hatukuitoa sisi.

Tuanze na viroba, kwa wanaokumbuka. Pakiti ya nailoni kama ya shampuu, ndani yake pombe kali ya kumeza mara mbili. Iliingia kwenye soksi ya mwanafunzi bila kuonekana. Kondakta aliing'ata pembeni, akainyonya, akatema nailoni dirishani, na safari ikaendelea. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kwamba ifikapo tarehe 1 Machi viroba basi. Tulipiga vigelegele. Wapo waliotoa sadaka. Zilikuja siku mitaro ikapumua na vijana wakaonekana asubuhi wakiwa na macho meupe.

Halafu pombe ikarudi imebadili nguo. Tulikuwa hatujasoma vizuri. Sababu zilizotajwa zilikuwa zote mbili, mazingira na afya za vijana, lakini kanuni zenyewe zilitungwa chini ya Sheria ya Mazingira, na sheria hiyo inaijua nailoni, ini halimo. Kwa hiyo nailoni ikaondoka na kilichokuwa ndani kikabaki. Sasa kimo kwenye kichupa kinachoenea kiganjani, vijana wanakiita kisungura. Asubuhi visungura vitupu vimejaa njia nzima ya shule. Mama wa chapati ameviokota na kuviosha, anatilia mafuta na pilipili. Watoto wanavipanga mchangani, wanacheza duka.

Kijana wetu anayefundisha tuisheni alitufanyia hesabu ubaoni, na tangu siku ile hatujalala vizuri. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Kisungura cha mililita 100 chenye asilimia 35 kina mililita 35. Yaani kichupa cha kuficha mfukoni kinaizidi bia nzima, na bei yake iko chini ya bia. Tena bia inashibisha, inakupeleka uani mara tatu, inakupa muda wa kukumbuka nauli. Kisungura kinamezwa huku pikipiki inanguruma. Dereva wa deiwaka ambaye bado hajapata hesabu ya bosi hawezi kununua bia mbili, ila visungura viwili anaviweza, na sheria ya usalama barabarani inayotaja miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu hajawahi kupimiwa na mtu, kwa sababu kule kwetu kwenye vumbi kipimo hakifiki.

Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma wazee wa kona wanasikiliza kitu kimoja tu: bia imepanda au haijapanda. Ikipanda wanalalamika, na kijana naye anahama, anaifuata ya bei ya chini ambayo ndiyo kali zaidi. Hatuombi bia ishuke, wazee watatusamehe. Tunaomba kilevi kikali kisiwe ndicho cha bei nafuu kuliko vinywaji vyote dukani, na hicho kichupa cha mfukoni kifutwe kabisa, kiwe cha kioo au cha plastiki. Anayetaka pombe kali anunue chupa kubwa, aibebe watu wakimwona.

Tunajibiwa kwamba tukifanya hivyo vijana watakimbilia gongo. Gongo tunaijua, inatoka vichochoroni, na imepigwa marufuku tangu sheria ya mwaka 1966. Waliozaliwa mwaka ule leo ni wastaafu. Wala hatuna mzaha nayo. Nairobi, kule Mukuru, Novemba 2000 walikufa zaidi ya watu 100 kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakabaki vipofu, maana methanoli ikiingia mwilini inageuka asidi inayoua mishipa ya macho. Lakini vijana wetu, hao tunaowazika, hawakuanza na gongo. Walianza na kichupa chenye kifuniko cha rangi, kilichopita mikononi mwa watu wenye mihuri. Kuogopa gongo isiwe sababu ya kuachia kisungura.

Na hiyo miaka 18! Imeandikwa kwenye lebo kwa herufi za kusomwa na siafu. Tangazo la redio likiisha, sauti inakimbia kama mtu anayefukuzwa: kunywa kistaarabu, haiuzwi kwa walio chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumuuzia mtoto kilevi. Sasa tuulize, ni nani mtaani kwetu aliwahi kuombwa kitambulisho kaunta? Laini ya simu huipati bila namba ya NIDA na alama ya kidole. Ukitaka kumtumia mama yako kijijini shilingi elfu tano, jina lako linasomwa lote mpaka la babu. Kisungura kinatolewa kwa mtoto wa darasa la 6 mwenye begi mgongoni, na chenji anarudishiwa.

Majirani zetu Wakenya mwaka 2025 walitangaziwa sera iliyopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, wakarushiana maneno kweli. Habari ilipofika kijiweni kwetu tukabishana mchana mzima. Wengine wakasema 21 ni sawa, akili inakuwa imekaa. Wengine wakasema mtu anayepiga kura utamnyimaje bia. Fundi viatu akashona soli yake mpaka mwisho, akasema hata mkiandika 40, mnaandikia nani?

Sasa zamu yetu. Nani anamtuma mtoto na chupa tupu akachukue nyingine ya baridi? Ni sisi, na tunamwonya asiidondoshe. Kwenye kipaimara, sherehe ya mtoto wa miaka 13 au 14, kreti zinapangwa chini ya turubai kabla keki haijafika. Kamati ya harusi ikikaa, mjadala wa vinywaji unachukua saa nzima na wa ukumbi dakika kumi. Mtoto wa miaka mitano akilamba povu la bia ya mjomba na kukunja uso, tunaangua kicheko na simu zinatolewa kumpiga picha. Usiku watoto wanakomba mabaki ya glasi, tunajifanya hatuoni. Na tusimsingizie mwenye grosari peke yake: fremu aliyopanga ni yetu. Fundi cherehani alikuwa analipa kwa mafungu. Wa grosari analipa miezi sita mbele. Uwanja wa mpira ulikwenda hivyo hivyo, fremu moja baada ya nyingine, mpaka goli la upande wa mashariki likawa ukuta wa choo cha baa. Kijana aliyekuwa anapiga kona pale, leo anakaa pale pale, ila amekaa kwenye kiti.

Wasichana nao tusiwasahau, maana tukisema vijana tunaona suruali tu. Binti anaitiwa ofa, moja, ya pili, anayelipa ana umri wa baba yake. Kesho yake aibu yote ni ya binti. Aliyelipa anaitwa mheshimiwa.

Kuna jambo lingine ambalo tunalisema kwa sauti ya chini, kwa sababu lilitukuta. Kijana mmoja wa hapa alikunywa miaka sita mfululizo, asubuhi anazimua kabla ya kupiga mswaki. Familia ikaamua imetosha. Wakamfungia chumbani, wakaita watu wa maombi, wakaficha hata manukato. Siku ya kwanza alitokwa jasho na kutetemeka, tukasema anasafishika. Siku ya pili akaanza kuona siafu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo, tukasema pepo anajitaja. Usiku akadondoka kwa kifafa, mara ya kwanza maishani mwake, na walioshika kichwa chake walikuwa wanakemea. Bajaji ilipofika alikuwa amerudia mara tatu. Alipona, Mungu ni mwema. Daktari ndiye aliyetuambia kwamba mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu ukinyimwa ghafla unaweza kuingia hali ile na hata kufa, kwamba hospitalini kuna dawa za kumtuliza mtu kidogo kidogo na vitamini B1 ya kuukinga ubongo wake. Tukatazamana. Miaka yote tumezika watu tukisema pombe imewaua, labda wengine tuliwaua kwa kuwaachisha.

Hayo nani angetuambia? Kwa watumiaji wa heroini, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na vituo vingine vikafuata. Mgonjwa anakwenda kila siku, anakunywa dozi yake, anasalimiana na muuguzi, anarudi. Ni kazi ya maana na tumeona waliopona. Mlevi je? Yeye ana mama yake, kipaza sauti cha msibani na, mambo yakizidi, safari ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe kule Dodoma. Nyumba za kuachia ulevi zipo, ila ada yake ya mwezi kwa muuza mchicha ni ndoto. Kenya wameweka pombe na dawa za kulevya chini ya mamlaka moja, NACADA. Huku mamlaka yetu ya dawa za kulevya ina dawa za kulevya, na pombe, inayotulevya zaidi ya hizo zote, inahesabiwa kwenye mapato. Hatudai hospitali mpya. Tunadai zahanati ya kata iwe na mtu mmoja anayejua kumuachisha mlevi bila kumuua, na siku moja kwa wiki ya kumwona.

Suala la grosari na visungura tulilipeleka kwenye mkutano wa mtaa. Likawekwa kwenye mengineyo, baada ya taka na kabla ya sala ya kufunga. Tukaahidiwa ukaguzi. Ukaguzi ukaja kweli, Jumapili saa 9 alasiri, gari limewatangulia kwa honi, na grosari zote kumi na moja zilikuwa zimefagiwa, leseni zimening'inizwa ukutani, dada wa opena amevaa aproni mpya ya bluu. Wakaguzi wakaandika, wakanywa maji ya chupa, wakaondoka.

Basi tunaomba warudie. Waje siku ya kazi, asubuhi, saa ambayo watoto wanapita kwenda shule na milango ya grosari imefunguliwa nusu. Gari waliache kituoni watembee kwa miguu, ni dakika saba tu. Chapati za moto zipo, na chai tutawanunulia sisi.