Tusome kibati mbele ya kuchomeka mashini

Mwaka jana tulipoteza mashini kwa dakika moja tu. Ilikuwa jiwe la moteri la kunolea majembe na mapanga, mtoto wa mwenzetu mmoja alilituma kutoka Marekani. Tuliliweka katika atelie ya nyumbani ya mwenzetu seremala, tukachomeka. Lilinguruma, moshi ukatoka, ikawa mwisho. Kibati cha moteri kilikuwa kimeandikwa volti 115 peke yake. Kurani ya kwetu ni volti 220. Hakuna hata mmoja wetu aliyekisoma.

Sasa msumeno wa meza umetufikia kwa njia ile ile, na kazi inaungojea: mbao za meza za kukaushia kahawa. Kahawa ikikaushwa chini kwenye udongo, mnunuzi anashusha bei, na sisi wote tunaumia. Lakini katika mkutano tuligawanyika. Wengine wanasema: tununue transfo, moteri tusiiguse. Wengine wanasema: fundi aigeuze ifanye kazi na 220.

Sisi tuko upande wa kugeuza, lakini pale tu kibati kinaruhusu.

Kibati cha msumeno huu kinasema 115/230, na amperi 14/7. Maana yake ndani ya moteri muko makundi mawili ya koili. Kwa 115, makundi yanafungwa sambamba, kila moja linapata volti zote. Kwa 230, yanafungwa moja nyuma ya lingine, yanagawana volti nusu kwa nusu. Basi kila koili inabaki na mzigo wake wa zamani. Nguvu ya msumeno haiongezeki. Anayefikiri utakata mara mbili anajidanganya. Faida iko kwenye waya: amperi 7 mahali pa 14, na kwa waya ile ile, moto unaopotea njiani unashuka mpaka robo. Kwetu, waya nyingi ni nyembamba na nyumba ziko mbali na nguzo. Faida hii si ndogo.

Transfo iko na kazi yake, kwa mashini ya 115 peke yake. Lakini moteri ikianza kuzunguka inavuta amperi mara tano au zaidi kwa muda mfupi, kwa hiyo transfo lazima iwe kubwa, na kubwa ni bei. Kuinunua kwa moteri ambayo fundi anaweza kuigeuza kwa kuhamisha nyaya chache, ni kutupa feza ya kahawa.

Wenzetu wanaoogopa wako na haki. Kwa hiyo kazi ifanywe hivi. Fundi wa kurani, si kila mwenye bisibisi, afungue moteri ikiwa imechomolewa, na afuate mchoro ulio kwenye kibati au ndani ya kifuniko. Waya ya udongo isiondolewe. Prizi ya Marekani ikatwe, iwekwe ya kwetu, na fundi ahakikishe swichi na disjonkteri vinafaa. Kisha aandike kwa rangi juu ya mashini: 220.

Tena kuna jambo moja ambalo kugeuza nyaya hakuliponyi. Kurani ya Marekani ni ya hezi 60, ya kwetu 50. Msumeno utazunguka polepole, karibu sehemu moja ya sita, na moteri itapata moto zaidi. Kama kibati kinaonyesha 60 tu, tukate kwa kiasi, tupime joto la moteri kila mara, tuipumzishe.

Kwenye mkutano ujao tutaomba mambo mawili. Koperative ilipe fundi mmoja kwa mashini zote za wanachama, kila mtu asijaribu peke yake nyumbani. Na mbele ya mtoto wetu yeyote kutuma mashini toka ng'ambo, atume kwanza picha ya kibati kwa simu. Kama ni 115 peke yake, tuhesabu bei ya transfo kabla ya kusema asante.

Lile jiwe lililoungua bado liko kwenye kona ya atelie. Anayepinga aende alitazame, kisha aje tuzungumze.