Rangi ya Njano

Kijiji cha Resident Evil 4, toleo la mwaka 2023, kimechorwa na watu wasiolala. Mbao zimeoza kwelikweli. Matope yanameta kana kwamba mvua imekatika sasa hivi, na ukisogelea ukuta utaona nyufa na kuvu. Halafu, katikati ya uchakavu huo wote, unakuta ngazi imepakwa rangi ya njano. Pipa nalo lina njano. Kila kasha linaloweza kuvunjwa lina njano. Wanakijiji wale wamerukwa na akili na wanataka kukuua kwa shoka, lakini inaelekea asubuhi waliamka, wakachukua kopo na brashi, wakakuwekea alama kwenye kila kitu utakachokihitaji.

Mwaka uliofuata, toleo la majaribio la Final Fantasy VII Rebirth lilipotoka, miamba ya kupandwa ilikuwa na rangi hiyohiyo, na wachezaji wakagombana mitandaoni kwa siku kadhaa. Kundi moja lilisema rangi ile ni matusi kwa akili ya mchezaji. La pili likajibu kwamba bila rangi hiyo watu wangezunguka nusu saa wakitafuta njia. Makundi yote mawili yalikuwa sahihi, na hapo ndipo penye tatizo. Picha imejaa vitu vingi kiasi kwamba jicho haliwezi tena kutofautisha cha kuchezea na pambo. Imebidi picha iandikiwe maelezo juu yake.

Linganisha na Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Gemu nzima iliingia kwenye kaseti yenye kilobaiti 40 tu. Nafasi ilikuwa finyu mno hata mawingu na vichaka vikawa mchoro mmoja: ukiupaka nyeupe ni wingu, ukiupaka kijani ni kichaka. Kwa ubahili huo, kitu kisicho na kazi hakikupata nafasi kirahisi. Ukiona kisanduku chenye alama ya kuuliza, unaruka unakigonga kwa chini. Mtoto asiyejua kusoma analielewa hilo bila kuambiwa na mtu.

Nasema wazi basi: picha zimeula mchezo. Lakini sisemi kwa sababu zinazosemwa kila siku na wale wanaolilia utoto wao, na naanza kwa kujitenga nao.

Wanasema zamani gemu zilikuwa nzuri kwa sababu picha zilikuwa duni. Si kweli. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa gemu ya E.T. iliyotengenezwa kwa wiki kama tano. Picha zake zilikuwa duni, na mchezo wenyewe ulikuwa mtu kutumbukia mashimoni, kupanda, na kutumbukia tena. Kaseti nyingi zilizododa zilifukiwa jangwani New Mexico, na mwaka 2014 watu wakazifukua kama wanaofukua mifupa ya kale. Udhaifu wa picha haujawahi kuzaa mchezo mzuri peke yake.

Wala picha nzuri si adui kwa asili yake. Splinter Cell ya mwaka 2002 isingewezekana bila teknolojia ya vivuli: kipimo cha mwanga kipo kwenye skrini, unavunja taa, unajificha gizani, mlinzi anapita karibu yako bila kukuona. Pale kivuli ndicho mchezo. Super Mario 64 ya mwaka 1996 ilihitaji dunia ya pande tatu ili kijiti cha pedi kipate maana. Ukikisukuma kidogo Mario ananyata, ukikisukuma sana anakimbia. Kwa hiyo anayetaka kunijibu kwamba nachukia maendeleo, ajibu hoja nyingine. Hii siyo yangu.

Hoja yangu inahusu kitu ambacho mchezaji hakioni, nacho ni uwezo wa kutupa.

Mchezo mzuri hauandikwi kwenye karatasi ukakamilika. Unatafutwa. Unajaribu kitu, unakicheza, unaona kinachosha, unakifuta, unajaribu kingine. Mara nyingine unaangukia bahati. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders mwaka 1978, prosesa yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba adui wengi wakiwa kwenye skrini mwendo ulikuwa wa kujikokota. Kadiri mchezaji alivyowapunguza ndivyo waliobaki walivyokwenda mbio. Yale yalikuwa mapungufu ya mashine. Nishikado aliyaacha, na mbio zile za mwisho zikawa ndiyo roho ya gemu. Silent Hill ya mwaka 1999 nayo ilifunika mji kwa ukungu kwa kuwa PlayStation haikuweza kuchora mbali, na ukungu huo ukawa hofu yenyewe.

Unaweza kuangukia bahati kama hiyo pale tu ambapo kubadili mawazo ni rahisi. Watengenezaji wa Zelda: Breath of the Wild, iliyotoka mwaka 2017, walieleza katika mkutano wa wataalamu mwaka huohuo kwamba kwanza walijenga gemu ndogo ya pande mbili, yenye sura kama Zelda ya mwaka 1986, ili kupima wazo lao. Moto uchome nyasi. Nyasi zikiungua hewa ipande juu. Chuma kivute radi. Walipima kwa vijipicha ambavyo kuvifuta hakumwumizi mtu roho. Walipoona kanuni zinashikana, ndipo wakajenga milima. Gemu ile ilichezwa kwenye mashine dhaifu kuliko PlayStation 4, iliyokuwa imeshakaa sokoni zaidi ya miaka mitatu, na bado watu wanaendelea kugundua humo hila mpya.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, nyaraka za Sony zilifikishwa mahakamani zikiwa zimefutwa kwa kalamu nyeusi, lakini zilipopigwa picha maandishi yakasomeka. Tukajua kwamba The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220 na Horizon Forbidden West dola milioni 212, kila moja ikiwa na wafanyakazi wa kudumu 200 au 300 kwa miaka. Sizitaji gemu hizi kwa sababu ni mbaya. Ziko vizuri sana. Nazitaja kwa sababu ya bei. Ukishamvalisha mwigizaji vitambuzi mwili mzima, ukarekodi sauti, uso na machozi yake, ukachora kila jani la bonde analopita, nani atakuja mwaka wa nne kusema jamani, bonde hili linachosha, tulifute?

Hakuna. Bonde linabaki. Na kwa kuwa kila mtu anajua tangu mwanzo kwamba bonde halitafutika, anayepanga mchezo haruhusiwi kubahatisha. Anachukua kilichokwisha kuthibitishwa kwingine. Ndiyo maana gemu kubwa za miaka hii zinafanana mikononi hata kama hazifanani machoni: unachutama kwenye nyasi ndefu, unapiga upinde, unapanda mnara ili ramani ifunguke, unakusanya majani ya dawa, unanunua ujuzi kwenye mti wa ujuzi. Ukibadilisha ngozi, mifupa ni ileile. The Order: 1886 ya mwaka 2015 ndiyo mfano uliokomaa: London iliyochorwa hadi uzi wa koti, na kila mtu akaisifu kwa macho. Kisha wakailaumu kwa ufupi wake na kwa jinsi ilivyomwachia mchezaji kazi ndogo ya kufanya ndani ya jiji lile.

Najua jibu linalokuja. Wachoraji si watunga kanuni, wataniambia; ukimfukuza mchoraji, mtunga kanuni hatakuwa bora zaidi. Ni kweli ni watu wawili, lakini wanakula kwenye mfuko mmoja na wanatazama kalenda moja. Mtunga kanuni akitaka mlango uhamie kushoto, katika gemu ya vijisanduku anauhamisha kabla chai haijapoa. Katika gemu ya dola milioni 200, mlango ule una mwanga wake, mwangwi wake, kivuli chake, na tukio la sinema lililorekodiwa mtu akipita kulia. Kuuhamisha ni kikao. Akishashindwa vikao vitatu, wazo la nne hatalitoa.

Wengine watanitajia Baldur's Gate 3, ya mwaka 2023, yenye nyuso za gharama na mchezo mpana wenye matawi yasiyohesabika. Nakubali, na nashukuru kwa mfano huo. Gemu hiyo iliuzwa ikiwa haijakamilika tangu Oktoba 2020, watu wakaicheza sehemu ya mwanzo karibu miaka mitatu, wakalalamika, ikabadilishwa. Wale walitumia fedha kununua nafasi ya kukosea, pamoja na picha. Wengi hutumia fedha ileile kununua picha peke yake.

Sisi tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine, maana tuna bao. Mistari minne, mashimo manane kila mstari, kete sitini na nne. Kuna mbao zilizochongwa nakshi hadi unaogopa kuzigusa, na kuna mashimo yaliyochimbwa mchangani kwa vidole. Ukinamua mchangani umenamua, na nyumba iliyoliwa kwenye ubao wa nakshi imeliwa vilevile. Hakuna fundi wa bao aliyewahi kushinda kwa sababu ubao wake ulikuwa mzuri. Sisemi nakshi ni bure. Ubao mzuri ni heshima ya mwenyeji. Lakini mtu akinichongea ubao wa ajabu wenye mashimo manne tu, nitausifu, nitautundika ukutani, kisha nitakwenda kucheza kwa jirani.

Na hili si suala la ladha tu, maana picha hizi zina anayezilipia. Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019, pamoja na masasisho yake, ilipita GB 200 kwenye kompyuta. Hesabu mwenyewe kwa bando lako. Hesabu diski yako. Kisha mfikirie mwenye kibanda cha gemu anayetoza kwa mechi au kwa saa, ambaye lazima anunue mashine mpya, televisheni mpya na intaneti ya kushusha mzigo huo, ili vijana waje kucheza mpira uleule waliokuwa wanaucheza kwenye PlayStation 2. Tunalipia majasho kwenye paji la uso la mchezaji, ilhali tunachofuata pale ni kumfunga rafiki yetu dakika ya mwisho na kumcheka mpaka kesho.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa wanaotengeneza. Kila kijana wa hapa anayenionyesha gemu yake huanza kwa kuomba radhi. Bado hajanipa pedi wala simu, ameshasema, "Samahani kaka, grafiki bado." Hajaniuliza kama imenichosha, wala kama nilielewa la kufanya. Amefundishwa na trela za wenzetu kwamba gemu ni picha, kwa hiyo anatumia miezi kumi kuchora gari ambalo halina pa kwenda. Anashindana na dola milioni 220 kwa kompyuta mpakato ya mkopo, tena anashindana pale pale ambapo hawezi kushinda.

Wakati huohuo, mlango mwingine uko wazi. Mwaka 2023, tuzo ya BAFTA ya gemu bora ilikwenda kwa Vampire Survivors, gemu ya vijipicha vya pikseli ambayo mchezaji anaongoza miguu tu, silaha zinapiga zenyewe. Ilizishinda Elden Ring na God of War Ragnarök. Mwaka 2024 ikaja Balatro, karata za poka zilizopindwa kanuni, kazi ya mtengenezaji mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Ikawa miongoni mwa gemu sita zilizowania tuzo kuu ya The Game Awards, na kufikia Januari 2025 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni tano. Karata! Kitu ambacho kila kijiwe kuanzia Mwanza hadi Mombasa kinakijua. Hatukukosa grafiki pale. Tulikosa mtu wa kukaa chini, kupinda kanuni moja, kucheza, kufuta, na kupinda nyingine.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Wewe mnunuzi, trela ijayo ikikutoa machozi, itazame tena ukiwa umezima sauti, na ujiulize: humu mimi nafanya nini? Kama jibu ni kutembea na kutazama, subiri hadi mtu aliyeicheza akueleze. Na wewe mtengenezaji, anza na miraba na duara. Mpe mdogo wako acheze, kaa kimya, usimwelekeze. Akikurudishia simu baada ya dakika mbili, futa, anza upya, hujapoteza kitu. Akikataa kukurudishia, hapo sasa mtafute mchoraji.