Sumu ya kifaduro ina funzo kwa mpenda sayansi

Uliza darasa lolote la sekondari kazi ya seli nyeupe za damu, jibu litakuja kwa kishindo: kupigana na magonjwa! Sawa. Sasa hebu uliza swali la pili: seli hizo hujuaje mahali pa kushuka? Hapo kimya.

Sehemu kubwa ya jibu, amini usiamini, ilipatikana kwa msaada wa sumu.

Mtoto mchanga akiugua kifaduro, seli nyeupe zinaweza kujaa kwenye damu yake kupita kiasi. Ungedhani ni habari njema, ati askari wameongezeka. Wapi! Zimekwama humo. Zinashindwa kutoka kwenye damu na kuingia kwenye tezi, na zikizidi sana, maisha ya mtoto huwa hatarini.

Chukulia seli ni matatu. Makanga anagonga bodi kumjulisha dereva kuna mtu anashuka, lakini dereva hasikii. Gari linapita steji, linazunguka tu barabarani. Sumu ya bakteria wa kifaduro hufanya hivyo: huzima protini inayopitisha ujumbe kutoka kwenye utando wa seli hadi ndani.

Watafiti wa Japani, Toshiaki Katada na Michio Ui, walionyesha jinsi inavyoizima mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo sumu hiyo, ikishasafishwa, ni kifaa cha maabara. Mtafiti huitia kwenye seli nyeupe, kisha anatazama. Zikiacha kufuata kemikali inayoziita, anajua ujumbe hupitia kwa protini hiyo. Zikiendelea kama kawaida, anatafuta njia nyingine.

Ugunduzi kama huu hauji kwa kukariri. Huja kwa mtu aliyeona kitu kisichooana na alichofunzwa, akauliza mbona. Shule inayofungua maabara wakati wa mtihani pekee haimpi mwanafunzi nafasi hiyo. Walimu wakuu, fungueni hizo maabara mapema. Nawe kijana uliyechagua sayansi, usiogope kuonekana msumbufu. Uliza swali la pili.

Na kama nyumbani kuna mtoto mchanga, hakikisheni hakosi chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sumu hii tunaitaka kwenye chupa za maabara, si kwenye damu ya mtoto.